Jinsi ya kuangalia uzinduzi wa simu kesho yake bila mtu kukuharibia utamu

Jamani, uzinduzi wa Apple wa Septemba kwa kawaida unaanza saa 4 asubuhi kule California, yaani hapa Kampala ni saa 2 usiku na wengine bado tuko kwenye jam au zamu kazini, kwa hiyo video tunaiona kesho yake. Cha kwanza kabisa linki ya video itafute mapema uiseve, maana ukifungua YouTube pale mwanzo tu zile picha za video za watu zinakumwagia kila kitu, rangi, bei, kamera, mwaka jana iliniuma sana niliona simu yote kwenye kapicha kamoja kabla sijabonyeza chochote! WhatsApp magrupu ya simu piga myuti wiki moja, maana ile ya masaa 8 itaisha kabla hujaangalia, status usiguse. X ingia setingi uzuie neno iPhone. Ukiona moyo unakusumbua zima data kabisa. Na yule rafiki mwenye kiherehere mwambie mapema, ndugu yangu usiniambie kitu mpaka nikutafute mwenyewe. Komenti utasoma ukishamaliza.