Amino asidi ambazo mwili unajitengenezea: usikariri, chora

Kama hizi amino asidi 11 (vile vitofali vya protini ambavyo mwili unajitengenezea wenyewe) zinakuchanganya, acha kukariri majina. Chukua karatasi chora mstari toka juu mpaka chini, huo ndo njia ya glukosi, yaani ule ugali wa mchana unavyovunjwavunjwa mpaka unakuwa piruveti (kipande kidogo cha glukosi) afu unaingia kwenye mzunguko wa Krebs, yaani ule mzunguko wa kemikali wa seli kuvuna nishati. Karibu zote zinachepuka hapo.

Anza na alanini, ndo rahisi. Piruveti ina kaboni 3 tayari, inachokosa ni kile kikundi cha amino chenye naitrojeni, basi glutameti (nayo ni amino asidi) inakuja inaipa cha kwake, piruveti inakuwa alanini na glutameti inabaki alfa-ketoglutareti, ambayo ipo kwenye mzunguko wa Krebs. Anayesimamia hiyo kazi ni enzaimu (protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini) iitwayo ALT akisaidiwa na vitamini B6, na ndo ALT ile ile unayoiona kwenye majibu ya kipimo cha ini, ini likiumia inavujia kwenye damu. Ukielewa mchezo huu mmoja kwingine utateleza tu.

Shuka kidogo mpaka kwenye mzunguko wa Krebs: oksaloaseteti iliyomo humo ikipewa amino inakuwa aspateti (enzaimu ni AST, jirani yake ALT kwenye ile karatasi ya majibu), aspateti inazaa asparajini. Alfa-ketoglutareti inazaa glutameti, na glutameti ina watoto watatu, glutamini, prolini na arjinini. Hiyo arjinini ina safari ndefu, utumbo unatengeneza sitrulini halafu figo ndo zinamalizia. Sasa rudi juu kabla ya piruveti, kuna 3-fosfogliserati, inatoa serini, serini inatoa glaisini, hapo foleti (vitamini B9) inahusika.

Zimebaki 2, zichore kwa rangi nyingine maana ndo zinawaangusha watu. Sisteini kaboni zake zinatoka kwa serini ila salfa inatoka kwa methionini, na methionini lazima uile. Tairosini yenyewe haihusiani na ule mstari, inatoka kwa fenilalanini moja kwa moja, ndo maana mtu aliyezaliwa na PKU (ugonjwa wa kurithi), enzaimu ya kuigeuza haifanyi kazi, kwake tairosini inabidi itoke kwenye chakula.

Na usidanganyike, wanga hauna naitrojeni. Ugali unakupa kaboni nyingi tu, ila naitrojeni ya kutosha utaipata ukiweka maharage au dagaa pembeni.

Sasa geuza karatasi uchore upya bila kuchungulia. Mi nilikwama kwenye sisteini mara tatu.