Mkono ukiumia kiwandani: la kufanya kuanzia kwenye mashine hadi kwenye fidia

Kwenye viwanda vya Dar es Salaam, kuanzia Barabara ya Nyerere, Chang'ombe, Mikocheni na Ubungo, mikono huumia kwa njia zilezile: roli zinazokula kidole, presi inayoshuka kabla mkono haujatoka, mkanda uliovuliwa kinga ili kazi iende haraka. Mara nyingi mashine ilikuwa imekwama, mtu akaichokonoa bila kukata umeme.

Mkono ukiwa umenaswa, bonyeza kitufe cha dharura, kisha zima swichi kuu. Asiwepo wa kuizungusha mashine kinyume kwa pupa, kwani roli zikigeuka huchuna ngozi na mishipa iliyosalia. Fundi alegeze roli kwa spana, na mwingine amshikilie majeruhi asijivute.

Damu izuiwe kwa kitambaa safi, ukikandamiza dakika 10 mfululizo bila kufunuafunua, mkono ukiwa juu ya usawa wa moyo. Vua pete na saa mapema. Kidole kikishavimba, pete hubana damu na itabidi ikatwe. Majivu, kahawa na dawa ya meno visitiwe kwenye kidonda. Daktari atalazimika kuviondoa, na maumivu yatakuwa ya pili.

Kidole kilichokatika kabisa kitafutwe na kipelekwe pamoja na mwenyewe. Kifunge kwa shashi safi iliyoloweshwa kidogo kwa maji safi, kitie kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, kisha uweke mfuko huo ndani ya chombo chenye maji na barafu. Kikigusana na barafu moja kwa moja nyama inaungua kwa baridi. Kikielea kwenye maji kinaharibika. Muda nao ni mali: kikiwa kwenye joto la Dar, saa chache tu zinatosha kukiua, ilhali kikipozwa vizuri kinavumilia muda mrefu zaidi. Kwa hiyo usimalizie saa mbili kwenye zahanati ya jirani. Wakishaizuia damu, omba rufaa ya haraka kwenda hospitali yenye madaktari wa upasuaji wa mifupa, kama MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili.

Kemikali inayounguza kama kostiki (magadi makali ya viwandani) huoshwa kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20, glavu na nguo zilizolowa zikiwa zimeshavuliwa.

Lipo jeraha moja linalodanganya hata wasimamizi wazoefu: mafuta ya haidroliki au rangi iliyoruka kwa presha kubwa na kupenya kidoleni. Huacha tundu dogo kama la sindano, bila maumivu makali mwanzoni, na mtu hurudi kazini. Ndani, mafuta yanaua nyama. Hii ni dharura ya upasuaji siku hiyohiyo. Mwambie daktari ni nini kilichopenya na kwa mashine gani.

Sasa makaratasi, na hapa ndipo wengi wanapoteza haki yao. Daktari au nesi akiuliza kilichotokea, sema "ajali ya kazini", ukitaja kiwanda, mashine na saa, na hakikisha imeandikwa hivyo kwenye cheti. Kikiandikwa "ameanguka nyumbani", kukirekebisha baadaye ni kazi kubwa. Mjulishe msimamizi siku hiyohiyo, hata kwa ujumbe wa simu, na uutunze. Piga picha ya mashine kabla haijarudishiwa kinga, na uandike majina ya wenzako wawili walioshuhudia.

Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ndani ya siku 7 tangu apate habari. Dai lenyewe lina ukomo wa miezi 12 tangu ajali. Mchango wa WCF unalipwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa mshahara kwa ajili hiyo, lalamika. Fidia haimngoji mtu athibitishe uzembe wa bosi.

Kibarua anayelipwa taslimu kila jioni naye ni mfanyakazi. Shida yake ni ushahidi, basi akusanye ujumbe wa malipo ya simu, kitambulisho cha getini na orodha ya shifti. Akipewa laki mbili za "pole" na karatasi ya kusaini, apokee pole, karatasi aikatae. Mwajiri akikaa kimya, nenda ofisi ya WCF mwenyewe. Mashine isiyo na kinga iripoti OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi.

Mfuko hugharimia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, unalipwa asilimia 70 ya mshahara, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu hupimwa kidonda kikishatulia: asilimia 30 au chini yake hulipwa kwa mkupuo, zaidi ya hapo ni pensheni ya kila mwezi. Siku ya kupimwa, usijikaze. Onyesha kidole kisichokunjika, ganzi, na kitu usichoweza kukamata. Mazoezi tiba usiyaache, maana kiganja kisichochezeshwa hukakamaa haraka.

Mwajiri akikuachisha kazi kwa sababu ya mkono huo bila kukutafutia kazi nyingine unayoiweza, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Siku hizo zinahesabiwa tangu kuachishwa, si tangu kuumia.