SOMO: Kuchagua vakyumu (mashine ya kufyonza vumbi) ya mkono kwa gari la safari na kempa (gari la kulala ndani), bajeti isizidi shilingi laki moja na nusu za Tanzania

Wadau, habari za kazi. Msimu unakaribia na swali limekuwa lile lile: vakyumu gani ndogo ya mkono inafaa kusafishia Land Cruiser ya kupigia kambi bila kutoboa mfuko? Somo hili ni la wenye magari ya paa la kunyanyuka, na yale yenye hema juu ambayo wageni hukodi na kuendesha wenyewe. Mwenye gari dogo la mjini atapata chake humu, ila vumbi lake si hili letu.

Na vumbi ndilo linaloamua, kwa hiyo tuanze nalo. Udongo wa nyanda za kusini mwa Serengeti, kuanzia Ndutu mpaka Naabi, umetokana na majivu ya volkano yaliyoletwa na upepo kutoka milima ya upande wa Ngorongoro, Kerimasi na Ol Doinyo Lengai ikiwemo. Lengai ilirusha majivu tena mwaka 2007 na 2008. Chembe zake ni laini kama poda ya mtoto. Zinapenya kwenye mpira wa mlango wa nyuma hata kama umefungwa vizuri, zinalala kwenye reli za viti, kwenye mikunjo ya turubai la hema, chini ya friji, na ndani ya zipu za magodoro. Ukilipuliza kwa kompresa kama wanavyofanya watu wengi wa kuosha magari, umelihamisha tu. Baada ya saa moja limerudi kwenye dashibodi.

Msimamo wangu nautoa mapema: kwa vumbi hili unanunua filta kwanza, nguvu baadaye. Mashine yenye mvuto mkali na filta mbovu inavuta vumbi mbele na kulitapika nyuma, tena usoni kwako.

Hatua ya 1: Jua umeme ulio nao

Magari mengi ya safari ni volti 12. Malori na baadhi ya mabasi ni volti 24, na vakyumu ya volti 12 ukiichomeka huko utasikia harufu kabla hujaona moshi. Kama huna uhakika, pima kwa mita. Usihesabu betri tu, kwa sababu betri mbili zinaweza kuungwa zikabaki volti 12.

Kisha angalia fyuzi ya tundu la kuwashia sigara. Mara nyingi ni ya ampea 10 au 15. Mashine ya wati 120 kwenye volti 12 inakula ampea 10. Kwa hiyo fyuzi ya 10 iko ukingoni kabisa, ya 15 inatosha. Ukiona mashine ya waya imeandikwa wati 200 au zaidi na plagi yake ni ile ya sigara, ama boksi linadanganya ama fyuzi itakatika.

Je, ya waya au ya betri? Kwa bei hii mimi nachagua ya waya, mradi waya uwe na mita 4 au zaidi ili ufike mlango wa nyuma. Ya waya haichoki katikati ya kazi. Nusu saa ya kazi inakula kama ampea-saa 5, na betri nzuri ya gari haitishiki na hapo. Ya betri ina raha yake kwenye hema la juu, ambako waya unakuwa kero.

Hatua ya 2: Lisome boksi ukiwa na kikokotoo

Hapa ndipo wengi wanapigwa. Chukua vakyumu ya betri iliyoandikwa wati 120 na dakika 30. Nyingi za bei ya chini zina seli mbili za lithiamu, kila moja volti 3.7. Tuseme kila seli ni mAh 2,000, yaani ampea-saa 2. Hiyo ni volti 7.4 mara ampea-saa 2, sawa na wati-saa 14.8. Gawanya kwa wati 120: unapata kama dakika 7. Ikidumu dakika 30 kweli, basi inatumia kama wati 30 tu. Wati 120 na dakika 30 haviwezi kukaa kwenye boksi moja na betri hiyo. Muulize muuzaji betri ina mAh ngapi na volti ngapi. Akikwepa, umeshajibiwa.

Namba ya Pa (paskali, kipimo cha nguvu ya mvuto) nayo ina ujanja wake. Inapimwa mdomo wa mashine ukiwa umezibwa kabisa, yaani hewa haipiti. Lakini kinachobeba mchanga na mbegu za nyasi ni hewa inayopita. Vakyumu kubwa ya nyumbani ya umeme wa ukutani hufikia kama Pa 20,000. Kimashine cha kiganjani kikikwambia kinaikaribia hiyo, kiangalie kwa jicho la pembeni.

Hatua ya 3: Ifungue, utoe filta

Usiogope kuomba kufungua. Muuzaji anayekataa, nenda duka la jirani.

Unatafuta filta ya karatasi au kitambaa kizito yenye mikunjo mingi, kwa sababu mikunjo inaongeza eneo la kupitisha hewa. Ikiwa ndani kuna kiwavu cha chuma peke yake, au kitambaa kimoja chembamba, hiyo ni ya makombo ya biskuti. Neno HEPA (filta ya kunasa chembe ndogo sana) juu ya boksi lina maana tu likifuatana na daraja: kwa vipimo vya Ulaya, H13 inazuia asilimia 99.95 ya chembe zile ngumu zaidi kunaswa. HEPA isiyo na daraja ni pambo.

Zaidi ya filta yenyewe, kagua mpira unaoizunguka. Filta nzuri iliyokaa kwenye tundu lililolegea haina kazi, vumbi linapita pembeni. Ibonyeze, izungushe. Ikicheza, iache.

Halafu swali ambalo watu hulisahau: filta za akiba zinapatikana? Kama duka halina, hiyo mashine ni ya msimu mmoja.

Hatua ya 4: Midomo

Mdomo mwembamba mrefu wa reli za viti, na brashi yenye nywele laini ya dashibodi na turubai. Hivyo viwili ni lazima. Bomba la mpira la kujikunja ni faida kubwa, vingine ni mapambo ya boksi.

Hatua ya 5: Jaribio la unga

Nenda dukani na kijiko kimoja cha unga wa ngano na kitambaa cheusi. Mwaga unga mezani, mtu ashike kitambaa nyuma ya mashine pale hewa inapotokea, wewe vuta. Kitambaa kikipata ukungu mweupe, filta inavuja, na vumbi la Ndutu litapita vile vile. Kisha ziba mdomo kwa kiganja: sauti ya mota inapaswa kupanda na kiganja kivutwe. Sauti isipobadilika, hewa inaingilia kwenye nyufa za mwili wa mashine. Kuna wauzaji Kariakoo watakutazama kama umerukwa na akili. Waache, pesa ni yako.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Karatu: Mkuu shukrani kwa somo. Nina vakyumu ya nyumbani ya wati 1,600 na inverta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani) ya wati 300 kwenye gari. Siwezi kuiunga tu?

Jibu: Hapana mkuu, inverta itajizima papo hapo. Hata ukipata inverta kubwa, wati 1,600 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 130, unahitaji nyaya nene za kutoka moja kwa moja kwenye betri. Hiyo kubwa iache nyumbani, ifanye usafi mkubwa gari likirudi. Ndogo ni ya kila jioni kambini.

Mdau wa Diani: Kaka, huku kwetu si vumbi ni mchanga wa bahari, kempa inajaa mpaka kitandani. Ushauri ni ule ule?

Jibu: Dada, kwako mambo yanageuka kidogo. Mchanga ni mzito na chembe zake ni kubwa, filta haipati shida nao, ila unahitaji hewa nyingi. Ya waya inakufaa kuliko ya betri. Kung'uta mazulia nje kwanza, piga brashi kavu kwenye godoro, ndipo uvute. Mchanga mbichi usiuvute kabisa kama mashine haijaandikwa kwamba inavuta maji, kwani chumvi na unyevu vitaila mota. Na uwe unafuta mdomo kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu.

Mdau wa Loitokitok: Naomba kuuliza, filta unaiosha? Vumbi la Amboseli limeiziba ya kwangu, haivuti tena.

Jibu: Ikiwa imeandikwa inaoshwa, sawa. Igonge kwanza taratibu kwenye tairi vumbi lidondoke, kisha maji yanayotiririka bila sabuni, ukianzia upande wa ndani kwenda nje. Ikauke saa 24 kivulini. Ukiirudisha na unyevu, vumbi lile linageuka tope kwenye mikunjo na hapo filta imekwenda. Ndiyo maana nasisitiza filta ya akiba, ziwe mbili. Ukilala Simba Campsite, juu ya ukingo wa kreta ya Ngorongoro, baridi na ukungu havikaushi hata soksi.

Mdau wa Moshi: Ninayo drili ya Makita ya volti 18 na betri zake mbili. Kuna njia ya kuzitumia?

Jibu: Hapo umebahatika. Makita wana vakyumu inayotumia betri hizo hizo za volti 18, na huuzwa mwili mtupu bila betri wala chaja. Kampuni nyingine za zana zina mpango kama huo. Bei ya mwili mtupu ni nafuu, na betri ya volti 18 yenye ampea-saa 3 ina wati-saa 54, mara tatu na ushee ya ile tuliyokokotoa juu. Kagua filta tu, nyingine huja na mfuko wa kitambaa usiofaa vumbi letu.

Mdau wa Dar: Binamu yangu anarudi kutoka Dubai, mwingine yuko Marekani. Nani aniletee?

Jibu: Wa Dubai. Umeme wao unaendana na wetu, na plagi ni ile ya miguu mitatu ya bapa. Chaja ya Marekani iangalie maandishi: ikisema 100–240V ni salama, ikisema 120V peke yake itaungua siku ya kwanza. Mwambie betri ya lithiamu inayochomoka aibebe kwenye begi la mkononi, siyo la kukabidhi, na isizidi wati-saa 100.

Mdau wa Arusha: Mpishi wetu anaitumia kuvuta majivu ya jiko la mkaa. Kuna tatizo?

Jibu: Mnyang'anye leo leo. Kaa dogo moja lililofichika kwenye majivu linatosha kuwasha filta, na ndani yake kuna hewa ya kulipepea. Majivu yakae kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko mpaka kesho yake, yamwagwe kwa koleo.