Slasha ya Trekta: Hesabu Nguvu ya PTO Kabla ya Kuchagua Upana

Kila masika yanapoisha nasikia malalamiko yaleyale kutoka kwa wenye mashamba ya michungwa Muheza na wafugaji wanaofyeka malisho: slasha mpya, ile mashine ya kufyekea inayofungwa nyuma ya trekta, imeunguza klachi, au giaboksi imepasuka, na msimu haujafika hata nusu. Fundi analaumiwa, dereva analaumiwa. Mara nyingi kosa lilifanyika dukani. Mkulima alisoma HP (nguvu za farasi) iliyoandikwa ubavuni mwa trekta lake, kisha akachukua slasha pana kuliko zote alizoweza kulipia, akiamini upana utampunguzia mizunguko na dizeli.

HP ya ubavuni ni ya injini. Slasha inatumia nguvu inayofika kwenye shafti ya PTO, yaani mhimili unaozunguka kule nyuma ya trekta kuendesha mashine, na njiani sehemu yake hupotea kwenye gia na haidroliki. Kwa matrekta mengi, chukua asilimia 85. Trekta la HP 50, kama Massey Ferguson 240, linakupa takriban HP 42 pale nyuma, tena likiwa na afya. Lililochoka halifiki hapo.

Sasa angalia unachokwenda kufyeka. Nyasi laini za magotini zinataka takriban HP 13 kwa kila mita ya upana wa slasha. Mabingobingo yaliyokupita kimo, yaliyochanganyika na vichaka vyenye shina la unene wa kidole gumba, hesabu HP 20 kwa mita. Kwa hiyo slasha ya mita 2.1 kwenye pori hilo inataka HP 42, yaani nguvu yote, bila akiba hata ya kupandia kamwinuko. Ya mita 1.8 inataka HP 36. Ya mita 1.5 inataka HP 30. Mwenye trekta la HP 50 aishie mita 1.8, hata kama muuzaji anapunguza bei ya ile pana. Trekta likiwa kongwe, achukue 1.5. Hesabu hii ifanyeni nyumbani kwa kalamu, si dukani pesa zikiwa tayari mkononi!

Mpaka wa chini nao upo. Pima kuanzia ukingo wa nje wa tairi moja ya nyuma hadi ukingo wa nje wa ile nyingine. Slasha ikiwa nyembamba kuliko hapo, magugu yanalazwa na tairi bila kukatwa, na baada ya siku chache yamesimama tena. Ikibidi kununua nyembamba, tafuta inayoweza kufungwa ikiegemea upande mmoja ili ifunike angalau njia ya tairi moja.

Slasha nyingi za aina hii zimeundwa kwa PTO inayozunguka mara 540 kwa dakika. Ikielemewa, mzunguko unashuka, visu vinaacha kukata na kuanza kuchana, klachi ya slasha inateleza mpaka inafuka moshi. Zile zenye bolti ya usalama hukata bolti hiyo kila mara. Hapo ndipo dereva anapoweka bolti ngumu ya duka la spea ili "isisumbue". Msifanye hivyo. Bolti ile laini imewekwa ivunjike ili giaboksi ipone, na bei ya bolti na ya giaboksi hazifanani hata kidogo.

Wenye matrekta ya zamani ambayo PTO husimama ukikanyaga klachi, ulizeni kifaa cha njia moja cha kufunga kwenye shafti. Bila hicho, visu vizito vinavyoendelea kuzunguka vitalisukuma trekta mbele hata ukiwa umekanyaga klachi, na mti au mtu yuko mbele yako. Pini za mikono ya chini ya trekta, inayoshika slasha, nazo zipimwe: milimita 22 haziingiliani na milimita 28.

Shambani, magugu yaliyozidi mita moja na nusu yapitwe mara mbili: kwanza slasha ikiwa sentimita 30 juu ya ardhi, kisha sentimita 10 hadi 15. Mbele ya slasha iwe chini kuliko nyuma kwa sentimita 2. Nyuma ikiwa chini, inakula nguvu zaidi. Mwendo ni kilomita 4 kwa saa, yaani mita 50 kwa sekunde 45. Pimeni kwa simu, msikisie. Fyekeni kabla magugu hayajatoa mbegu, na kwenye michungwa acheni mita moja kuzunguka shina ifyekwe kwa mkono. Watu wote wakae mita 100 mbali, watoto wanaopenda kufuata trekta wakiwa wa kwanza kuondolewa, kwa sababu jiwe likirushwa na kisu halikupi nafasi ya kukwepa.

Ukiona vishina vimekatika sawasawa na mlio wa injini haushuki, umepatia.

Kabla ya kulipa, omba slasha ifungwe kwenye trekta lako mwenyewe na ijaribiwe kwenye magugu mazito kwa nusu saa, si kwenye uwanja wa duka. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.