Kunyanyua pikapu: tuongee kilo kwanza, inchi baadaye

Mimi ni fundi wa miguu ya magari, yaani springi, shokapu na vyuma vinavyoshika magurudumu, nipo Arusha pande za Unga Limited, na kazi zangu nyingi ni Hilux, Land Cruiser za pikapu, Ranger na D-Max za watu wanaoenda Simanjiro, Longido, Karatu, Loliondo huko. Haipiti wiki hajaja mtu na picha kwenye simu, pikapu imenyanyuliwa mpaka mlango unafika kifuani, anasema fundi nataka hivi. Namuuliza swali moja tu, bosi unabeba nini? Wengi wanashangaa kidogo, amekuja kuongea inchi mimi namuongelesha kilo. Lakini ndo hapo kazi inapoanzia, na ukikosea hapo hata ukinunua vifaa vya bei kubwa gari itakutesa.

Nawaandikia namna ninavyochagua mimi, hatua kwa hatua, ili ukienda kwa fundi wako uwe unajua unachoomba.

Hatua ya 1: ingia chini uone una miguu gani

Lala chini na tochi, angalia mbele. Zile Hilux za zamani kabisa kama LN106 zina ekseli moja nzima mbele na springi za bapa, zile vyuma vilivyopangwa juu kwa juu. Zilizofuata, kama LN166, pamoja na D-Max za toleo la kwanza, Nissan Hardbody D22 na L200 za zamani, mbele zina torsheni ba, fimbo ndefu ya chuma inayojinyonga badala ya springi. Hilux mpya zaidi, yaani Vigo na Revo, na Ranger za kuanzia 2011 zina koili imevaa shokapu, kitu kimoja. Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele na koili mbili, nyuma springi za bapa.

Kwanini nakusumbua na hili? Kwa sababu kila aina ina ugonjwa wake ukiinyanyua, na kifaa alichofunga jirani yako kwenye 79 yake hakina uhusiano wowote na Vigo yako.

Hatua ya 2: pima gari, pima mzigo

Hapa naomba usiwe na haraka. Tafuta sehemu tambarare, jaza tangi, jaza upepo unaotumia kila siku, afu chukua futi ya tepu upime kuanzia katikati ya rimu kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, andika. Watu wanapima kuanzia ardhini, ni makosa, maana tairi ikipungua upepo au ukibadilisha saizi ile namba inabadilika wakati springi haijaguswa. Utashangaa pia kuona upande mmoja uko chini kuliko mwingine, springi iliyochoka inajitaja yenyewe hapo.

Baada ya hapo mzigo. Andika vitu ambavyo havishuki kwenye gari, siku zote vipo: bampa ya chuma, winchi, keria ya juu, tairi ya pili ya spea, boksi la vifaa, betri ya pili. Vinavyopanda na kushuka viandike pembeni. Maji lita moja ni kilo moja, kwahiyo pipa la lita 200 likijaa ni kilo 200 na pipa lenyewe juu yake, dizeli ni nyepesi kidogo, dumu la lita 20 ni kama kilo 17. Tairi ya inchi 17 na rimu ya chuma inacheza kwenye kilo 30 hivi. Ukijumlisha mwenyewe unashtuka. Na ukipata mzani wa malori, hata wa godauni la mazao, pitisha gari mara mbili, tupu na ikiwa imebeba kama inavyobeba kawaida, na mara zote pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Hiyo karatasi ni ya thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote, wangu ukiwemo.

Halafu fungua kitabu cha gari uone uzito wa juu ulioruhusiwa. Springi ngumu haiongezi ruhusa ya kubeba, breki ni zilezile, chesesi ni ileile, ekseli ni ileile. Gari kutokukaa chini haimaanishi haijazidiwa.

Hatua ya 3: amua urefu

Kwa pikapu yenye miguu huru mbele, kila gurudumu linapanda na kushuka lenyewe, yaani torsheni au koili za Vigo na wenzake, mimi nasimamia milimita 50, kama inchi 2, hapo naishia. Ukipita hapo shafti za mbele zinakuwa zimelala kwa pembe kali, jointi za CV, vile viungo vya shafti vinavyozungusha magurudumu ya mbele, zinafanya kazi zikiwa zimepinda muda wote, raba zake zinachanika, vumbi linaingia, na vumbi letu la huku unalijua. Niliwahi kufanya hivyo kwenye gari yangu mwenyewe, Hilux ya torsheni, nikakaza bolti za torsheni mpaka mbele ikapanda vizuri mno kwa macho, nikaenda nayo Engaruka. Wakati wa kurudi, nakata kona Mto wa Mbu, mbele inalia kra kra kra. Raba ilishachanika, grisi imemwagika yote, ndani mchanga mtupu. Jointi ilikufa safari moja. Na kuna jambo sikulielewa wakati ule: kukaza torsheni hakuifanyi iwe ngumu zaidi wala haiongezi nguvu ya kubeba, inapandisha gari tu, na ile nafasi ya gurudumu kushuka kwenye shimo inaliwa. Kwahiyo kila shimo ule mkono wa juu unagonga raba yake, tak, tak, unadhani shokapu zimekufa kumbe mguu umeishiwa nafasi.

Kitu kingine cha kujua kabla hujalipa: kunyanyua springi hakupandishi difu ya nyuma, lile bonge la gia la kwenye ekseli, hata milimita moja, kwenye 79 hata ya mbele. Difu iko kwenye ekseli, ekseli imekaa kwenye tairi, kwahiyo kinachoipandisha ni tairi tu. Chukua mfano, Hilux yenye 265/65R17 ukiiwekea 265/70R17, tairi inaongezeka kimo kama milimita 26, difu inapanda nusu yake, 13 hivi. Na spidomita inaanza kudanganya, ikisoma 100 wewe uko kama 103. Kunyanyua springi kunakupa nafasi ya hiyo tairi kuzunguka bila kukwaruza, kunapandisha chesesi, tangi na bampa, na kunakupa nafasi zaidi ya kupanda kingo. Hizo ni faida za kweli, ila usitegemee difu itaruka jiwe.

Wale wanaonyanyua bodi peke yake kwa kuweka vipande kati ya bodi na chesesi, wanapata nafasi ya tairi basi. Chini panabaki palepale.

Mfikirie na mtu anayepanda hiyo gari. Kama unampeleka mama hospitali kila mwezi na amevaa kitenge, milimita 50 pamoja na tairi kubwa ni ngazi ndefu kwake, weka ubao wa kukanyagia siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: springi, hapa ndo pesa yako iende

Watengenezaji wazuri, wengi ni wa Australia, Old Man Emu, Ironman, Dobinsons, Tough Dog, springi zao zimegawanywa kwa uzito. Mbele utaulizwa bampa ni ya kiwandani au ya chuma, na winchi ipo au haipo. Nyuma utaulizwa mzigo unaokaa muda wote, mfano hauna kitu, kilo 300, kilo 500. Neno la muhimu ni *muda wote*. Sio ule mzigo wa Krismasi unapoenda Moshi na familia na mbuzi.

Gari za utalii hapa mjini, zile 79 zilizorefushwa na kujengewa bodi, kwao ni rahisi, uzito haushuki kamwe, unaweka springi ya mzigo mkubwa na gari inatulia. Kazi ngumu ni mtu kama mteja wangu mmoja anayefuata vitunguu Mang'ola. Anaenda tupu, anarudi amejaza. Aliletewa springi za kilo 500 na mtu aliyemwambia ngumu ndo nzuri, akaja kwangu analalamika gari ikiwa tupu kwenye ile barabara ya mawimbi kama bati nyuma inarukaruka na kuhama njia, mara mbili ilitaka kumtoa. Ni kweli itahama, springi haibonyei bila uzito, tairi inakuwa hewani nusu ya muda, sasa breki itashika nini hewani?

Mtu wa hivyo nampa springi za hatua mbili. Vipande vya juu ni laini vinabeba gari tupu, chini kuna kipande kinene kimoja au viwili vilivyonyooka ambavyo havigusi mpaka mzigo uingie. Ikiwa tupu inatembea kistaarabu, ikijaa kile kinene kinapokea. Tulimfungia hizo na nyuma ikaacha kuhama, hata vitunguu vya juu ya turubai vikaacha kumwagika.

Kuna mambo mafundi wenzangu wanafanya na mimi nayapinga waziwazi. Kuchomoa kipande cha springi ya Canter na kukichomeka kwenye Hilux: mkunjo wake haufanani na wenzake, uzito wote unakaa sehemu moja, mara nyingi pale kwenye senta bolti, ile bolti ya katikati inayoshikanisha vipande, na ndipo panapokatika. Kurefusha shakeli, kile kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chesesi: unanunua shakeli ndefu kwa milimita 50 unapata kunyanyuka kama 25, springi inabaki ilivyokuwa imechoka, na gari inayumba. Vitalu vya chuma kati ya springi na ekseli: nyuma vinaifanya ekseli ijipinde ukikanyaga mafuta, mbele ni hatari, usikubali kabisa. Na mipira ya upepo juu ya springi za bapa, ukiweka mzigo mkubwa nyuma ya ekseli, uzito unasukuma chesesi sehemu moja katikati badala ya ncha mbili za springi, ndo maana pikapu za milango minne zinapinda chesesi nyuma ya kabini.

Spesa, vile vipande vya kunyanyulia vinavyowekwa juu ya koili kwenye Vigo, kama huna mzigo mbele na koili bado ni nzima, sina ugomvi nazo sana. Jua tu kwamba spesa ya milimita 25 inanyanyua gurudumu karibu mara mbili yake kwa sababu ya mahali shokapu ilipofungwa, kuna watu wameweka ya 50 wakidhani watapata 50.

Hatua ya 5: shokapu ziendane na springi

Springi mpya na shokapu za zamani ni kutupa pesa. Shokapu fupi itakuwa inavutwa mpaka mwisho kila shimo, ndefu kupita kiasi itagota ndani kabla mguu haujafika kwenye raba. Nunua zilizotengenezwa kwa urefu uleule wa springi, ikiwezekana kampuni ileile.

Kwa barabara zetu adui wa shokapu ni joto. Ukishapita geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro kuelekea Naabi, geti la Serengeti, yale mawimbi hayaishi, shokapu inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, mafuta yanachemka, yanachanganyika na hewa yanakuwa povu, gari inaanza kuelea kama haina shokapu. Kwahiyo chagua zenye mwili mnene, mafuta mengi, na zenye gesi ya naitrojeni. Punguza upepo kidogo kwenye tairi pia, inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 6: siku ya kufunga

Koili ya mbele usiikubali ifunguliwe bila kifaa maalumu cha kuibana, ikichomoka inaua mtu, siongezi chumvi. Dai yu-bolti mpya nyuma, zile zinazobana springi kwenye ekseli, za zamani zimeshavutika. Raba za springi na za mikono zikazwe mwisho gari ikiwa imesimama kwenye magurudumu yake, sio ikiwa inaning'inia kwenye jeki, maana zikikazwa hewani zinakaa zimejinyonga na baada ya muda mfupi zimechanika.

Angalia mipira ya breki mguu ukiwa umeshuka mpaka mwisho, isivutwe. Na kwenye Hilux nyingi nyuma kuna valvu ya breki yenye fimbo inayopima mzigo, ukinyanyua gari ile fimbo inadhani gari ni tupu na inapunguza breki za nyuma hata ukiwa umejaza. Irekebishwe, wengi wanaisahau. 79 ikinyanyuliwa usukani unakuwa mwepesi na gari inatangatanga kwenye lami, inahitaji bushi za kurudisha pembe ya ekseli, na ile fimbo ya kuvuka inayoishikilia ekseli ikae katikati inabidi iwe ya kurekebishika.

Siku hiyohiyo nenda alaimenti, afu shusha taa, maana gari imepanda na taa zimepanda nayo, usiku barabara ya Moshi utawaumiza macho wenzako.

Ukishatembea kilomita 500 rudi, kaza yu-bolti zote upya na chukua ile karatasi ya vipimo uliyoandika mwanzo, pima tena katikati ya rimu mpaka madigadi. Springi mpya hushuka kidogo, hiyo ni kawaida, ila zikipishana kushoto na kulia mwambie aliyekuuzia mapema. Na ukitoka kwenye rafu, barabara mbovu, simama, sogeza mkono karibu na kila shokapu taratibu bila kuishika kwa nguvu, zinachoma. Tatu zikiwa za moto na moja ya baridi, ile ya baridi haifanyi kazi, ibadilishe na mwenzake wa upande wa pili.