Namna ya Kuandaa Kikao cha Kumbukumbu ya Bob Collymore Mjini Mombasa

Bob Collymore, aliyekuwa Mkurugenzi Mtendaji wa kampuni ya simu ya Safaricom tangu Novemba 2010, alifariki dunia jijini Nairobi tarehe 1 Julai 2019 akiwa na umri wa miaka 61. Kikundi chochote cha Mombasa, kiwe cha mawakala wa M-Pesa, cha wafanyabiashara wa soko la Kongowea au cha wanafunzi wa chuo kikuu, kinaweza kumwandalia kikao cha kumbukumbu chenye uzito bila gharama kubwa, mradi kikubali kufanya kazi moja ngumu kabla ya kukodi viti na vipaza sauti. Kazi hiyo ni kutenganisha mambo aliyoyakuta, aliyoyakuza na aliyoyaanzisha mwenyewe.

Naisisitiza kwa sababu hapo ndipo kumbukumbu nyingi za wakuu wa kampuni huharibika. Watu wengi humtaja Collymore kama mwanzilishi wa M-Pesa, ilhali huduma hiyo ilizinduliwa Machi 2007, wakati kampuni ikiongozwa na Michael Joseph, na Collymore aliikuta ikiwa tayari mikononi mwa mamilioni ya Wakenya. Kumpa sifa isiyo yake ni kumdhulumu mtangulizi wake, na pia ni kumdhulumu yeye, kwa kuwa kazi yake halisi hubaki bila kusimuliwa. Katika uongozi wake ndipo ilipokuja M-Shwari, Novemba 2012, kwa ushirikiano na Commercial Bank of Africa, mtu akaweza kuweka akiba na kukopa kwa simu bila kupeleka hati wala mdhamini. Ndipo ilipokuja Lipa na M-Pesa mwaka 2013, namba za till, yaani namba ambazo mteja hulipia dukani kwa simu, zikaanza kubandikwa kwenye kuta za maduka. Na miezi michache kabla ya kifo chake, Januari 2019, ikaja Fuliza, inayomwezesha mtu kukamilisha malipo ya M-Pesa hata salio lake lisipotosha. Faida ya kampuni ilipanda kutoka takriban shilingi bilioni 13 katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2011 hadi zaidi ya bilioni 60 katika mwaka ulioishia Machi 2019. Hata hivyo, hakuna kati ya hayo aliloliunda peke yake. Msimamizi wa kikao aseme wazi kwamba nyuma ya kila huduma walikuwapo wahandisi, maafisa wa benki na maelfu ya mawakala, na kwamba sehemu ya mkuu ilikuwa kuamua, kuidhinisha na kubeba lawama.

Maisha yake binafsi yaelezwe kwa ufupi: alizaliwa Guyana mwaka 1958, akahamia Uingereza akiwa kijana wa miaka 16, na akafanya kazi katika kampuni za simu huko kabla ya kuja Kenya. Ningependa litajwe pia jambo ambalo wakuu wachache wamelithubutu, nalo ni kwamba mwaka 2015 alitangaza hadharani mali na mshahara wake.

Baada ya utafiti huo, kusanyeni ushuhuda wa watumiaji, kwa maana hapa ndipo Mombasa inapokuwa na la kwake la kusema. Nendeni kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi, kwa dereva wa tuktuk, kwa mvuvi, kwa wakala aliyefungua kibanda chake karibu na kivuko cha Likoni. Mwamkieni mtu kwanza, mumwite Mzee au Bi kama umri wake unavyostahili, kisha mmweleze mnachokitaka na mtakakokipeleka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inawapa watu haki juu ya taarifa zao, kwa hiyo pateni ridhaa kabla ya kurekodi, na msitaje kiwango cha mkopo wa mtu ikiwa hakupenda kitajwe. Maswali yawe ya kazi, si ya sifa. Kabla ya kuwa na namba ya till, wateja walikuwa wakikulipa vipi, na chenji ukiitoa wapi? Mkopo wako wa kwanza wa simu uliufanyia nini, na ulilipaje? Mtu akiulizwa anamwonaje marehemu, atatoa maneno ya adabu yanayomfaa marehemu yeyote. Akiulizwa juu ya chenji, ataeleza namna siku yake ya kazi ilivyobadilika.

Msiwakwepe wenye malalamiko. Wapo wanaoona kwamba mikopo ya simu imewatia baadhi ya watu katika madeni yasiyokwisha, na katika miaka yake ya uongozi palikuwa na mjadala mkali kitaifa kuhusu iwapo Safaricom imekuwa kubwa kupita kiasi na iwapo igawanywe. Ushuhuda wa namna hiyo usomwe katika kikao hichohicho, kwa sauti ileile.

Kuhusu siku na saa, chagueni Jumamosi iliyo karibu na Julai 1, na kikao kianze baada ya sala ya alasiri, kama saa kumi na nusu, kimalizike kabla ya magharibi, ambayo mwezi huo huingia muda mfupi baada ya saa kumi na mbili. Kikao cha ndani, katika ukumbi wa chuo au katika kituo cha vijana cha Swahilipot kilicho karibu na Fort Jesus, huwa na usumbufu mdogo. Mkitaka kukifanya hadharani, sheria inataka kituo cha polisi kipewe taarifa siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya mkutano. Kisiitwe hitima wala ibada. Mwili wa marehemu ulichomwa huko Kariokor, naye akaombewa katika Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, nao mtakaowaalika watakuwa wa dini mbalimbali. Jina la kikao cha kumbukumbu linawatosha wote.

Muziki una nafasi yake, kwa kuwa Collymore alipenda saksafoni na chini ya uongozi wake tamasha la Safaricom Jazz lilianza mwaka 2014, mapato yake yakiwasaidia vijana wa Ghetto Classics, mradi wa muziki katika mtaa wa mabanda wa Korogocho, Nairobi, kujifunza ala. Tafuteni kijana mmoja anayepiga saksafoni vizuri, apige vipande viwili. Vilevile mwombeni mshairi wa mjini atunge utenzi wa beti chache, kila kipande kiwe na mizani nane, na mumpe matokeo ya utafiti wenu kabla hajaanza ili ubeti usisifu kisichokuwapo. Ubeti wa kwanza unaweza kuwa hivi:

Simu yeye hakubuni,
wala pesa mkononi,
aliingia njiani,
usukani kaushika.

Sehemu ya mwisho ya maandalizi ndiyo ninayoithamini zaidi. Mwaka 2017 Collymore aligunduliwa kuwa na saratani ya damu aina ya lukemia kali, akaenda kutibiwa ng'ambo kwa miezi kadhaa na kurejea kazini mwaka 2018. Wagonjwa wa maradhi haya huhitaji kuongezewa damu mara kwa mara, pamoja na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, ambazo zikishatolewa hudumu kwa takriban siku 5 tu. Zungumzeni mapema na kituo cha kanda cha kuchangia damu mjini Mombasa ili wahudumu waje asubuhi ya siku ya kikao, au ninyi mwende kwao. Mchangiaji awe na umri wa miaka 16 hadi 65, uzito wa kilo 50 au zaidi, na awe na afya njema. Awe amekula na kunywa maji ya kutosha. Kwa kuwa mwanamume anaweza kuchangia tena baada ya miezi 3 na mwanamke baada ya miezi 4, andikeni majina ya walio tayari kurudi, kwa ridhaa yao, na mteue mtu mmoja wa kuwapigia simu Oktoba na Novemba.

Rekodi za ushuhuda zitiwe tarehe, mtaa na kazi ya msemaji, kisha nakala moja ibaki kwa kikundi na nyingine ipelekwe katika maktaba itakayokubali kuipokea.