Nukta ya fokasi iko jichoni, uso mbona giza?

Saa kumi jioni, Tanga, bibi harusi ameketi kando ya dirisha, shela limeshuka begani. Betri ya Nikon D7100 yangu ilikuwa imekata, nikaazima Canon 70D ya mwenzangu. Nikaweka kipimo cha spoti, kile kinachopima kipande kidogo tu cha fremu, nikasogeza nukta ya fokasi mpaka kwenye jicho lake, kushoto kabisa, nikapiga. Kope zilihesabika. Uso wenyewe ulikuwa giza totoro.

Kwenye D7100 spoti hupima duara la milimita 3.5 kuzunguka nukta uliyoichagua. Ukihamisha nukta, kipimo nacho kinahama. (Ukiiacha kamera ijichagulie nukta, kinarudi katikati.) Spoti ya 70D haiondoki katikati, kama asilimia 3 ya fremu, hata nukta iwe pembeni. Na katikati yangu palikuwa na dirisha! Kamera ikaona mwanga mkali, ikaupunguza.

Kwa Canon ya namna hiyo, elekeza katikati ya fremu kwenye shavu, bonyeza kitufe cha nyota nyuma ya kamera karibu na kidole gumba ili kufunga kipimo, kisha panga picha yako, fokasi jichoni, piga. Usizubae, baada ya sekunde chache kipimo kinajiachia.

Halafu kuna hili: kamera haijui gauni ni nini. Chochote unachokipima hutaka kukifanya kijivu. Ukipima gauni jeupe, linatoka kama limefuliwa na soksi. Ongeza mwanga kwenye fidia ya kamera (alama ya +/-), +1 au zaidi kidogo. Ukipima suti nyeusi ya bwana harusi, uso wake unaungua, basi punguza. Ngozi zetu nyeusi nazo kamera hupenda kuzing'arisha, kwa hiyo nikipima shavu hushusha -0.7. Wateja wengine hutaka waonekane weupe, lakini hayo ni mazungumzo mengine.

Keki, kucheza, foleni ya zawadi: matriksi inatosha. Inasoma fremu nzima na kutilia uzito pale penye nukta.

Siku hizi nikishika kamera ya mtu naijaribu kwanza. Naweka spoti, naiacha ichague spidi ya shata yenyewe, naitua mezani ikitazama taa iliyowaka, kisha nahamisha nukta tu, kutoka kwenye taa hadi ukutani. Spidi ikibadilika, kipimo kinafuata nukta. Isipobadilika, kidole gumba kinaanza kutafuta nyota.